Mama Asteria Apima Chuo

Mtu akiwa anaosha dhahabu hasemeshwi. Pale mwaloni Nyarugusu, kwenye madimbwi ya kuoshea, hata mtoto mdogo analijua hilo, kwa sababu mkono ukitetereka kidogo tu, kilichokuwa mali kinarudi kwenye tope. Sasa niambieni, Asteria, binti aliyezaliwa na kukulia hapo hapo, alipatwa na nini siku ile hata akaja mbio kutoka barabarani, kandambili moja mguuni na nyingine hajui kaiachia wapi, simu juu, anapiga kelele mpaka jirani akazima mashine yake ili asikie vizuri.

"Mama! Vyote viwili! Vyuo vyote viwili vimenichagua!"

Karai lilimponyoka Euphrasia, mama yake. Mchanga wa mteja ukaenda na maji. Siku nyingine yoyote mtu angekula kofi, lakini siku ile alisimama, kanga imelowa mpaka magotini, akapiga kigelegele kirefu mpaka wachimbaji waliokuwa wamepumzika huko juu wakateremka kuuliza nani kaolewa.

"Haolewi mtu hapa!" akawajibu. "Mwanangu anakwenda chuo kikuu!"

Hata yule mteja, badala ya kulilia mchanga wake, alipiga makofi. Basi ikawa vigelegele, soda zikaagizwa, na Euphrasia akacheza katikati ya matope kama msichana.

Huyu Euphrasia, ambaye wote wanamwita Mama Asteria, alitoka Tinde miaka ishirini iliyopita akiwa na mimba ya binti huyo huyo. Alimwacha mumewe, Pantaleo, na mpunga wake na ng'ombe wake, akamwambia anakwenda machimboni msimu mmoja tu, apate mabati ya nyumba. Mabati yalipatikana mwaka ule ule. Yeye hakurudi. Alianza kwa kugonga mawe kwa nyundo pamoja na wanawake wenzake, akajifunza kuosha, akaanza kununua mifuko ya mawe kutoka kwa wenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, na mwisho akanunua karasha lake mwenyewe, mashine ya kusaga mawe. Tinde anakwenda sikukuu na wakati wa mavuno, na Pantaleo akimkumbuka sana anapanda basi anamfuata. Wameshazoea hivyo, na wanapendana kwa namna yao.

Mwaloni alisifika kwa jambo moja. Hanunui mfuko bila kuupima. Wauzaji wana ujanja wao: jiwe zuri linawekwa juu, takataka chini. Kwa hiyo Euphrasia anaumimina mfuko wote, anachukua jiwe moja la juu, moja la katikati, moja la chini kabisa, anayatwanga kwenye kinu, anaosha unga wake kwenye karai, na anatazama kama kuna ka-njano kanakobaki nyuma ya mchanga mweusi. Kakionekana, ananunua. Kasipoonekana, hata umwapie kwa mama yako mzazi, anakwambia chukua mawe yako ukajengee choo.

Sasa huyu huyu, mbele ya vyuo viwili, akasahau kazi yake yote.

Chuo cha kwanza kilikuwa Kilimahewa. Nani hajui Kilimahewa? Kiko jijini, ni kikongwe, kila mkubwa unayemwona kwenye televisheni kasoma huko au anadanganya kwamba kasoma huko. Cha pili kilikuwa Nyamilonga, chuo kichanga ng'ambo ya daraja la Busisi, ambacho mtu akikitaja inabidi aeleze kiko wapi. Masomo yalikuwa yale yale, uhandisi wa uchenjuaji madini, miaka minne. Tofauti ni kwamba Kilimahewa walimpa nafasi tu, mkopo ukaombwe na haujulikani utatoka kiasi gani. Nyamilonga walimpa kila kitu: ada, bweni, chakula, vitabu, kwa sababu hesabu na fizikia yake vilikuwa bora kuliko vya wasichana wote walioomba kutoka ukanda wa madini. Alitakiwa achague kimoja na kukithibitisha kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu, mwisho Jumamosi.

"Kilimahewa," alisema Euphrasia, kabla hata soda hazijaisha.

"Mama, tungekaa kwanza..."

"Tukae tufanye nini? Kilimahewa! Nilipokuwa nagonga mawe na wewe mgongoni nilikuwa nawatazama wale watoto na majoho yao kwenye televisheni ya mama ntilie. Nikasema, haki ya Mungu, huyu wangu naye atavaa lile joho. Leo wamekuita, unaniambia tukae?"

Na huko Tinde moto ulikuwa umeshawaka. Pantaleo alipigiwa simu akiwa mnadani kwenye ng'ombe, na alipokata simu mnada mzima ulikuwa unajua. Ilipofika jioni walikuwa wanamwita Baba Kilimahewa, na yeye anaitika kabisa! Alimpigia mkewe mara tatu kumwambia ameitikia.

Aliyetia chumvi ni Mwigulu. Huyu ni mfanyabiashara, ana lori lake, na kila mwaka baada ya mvua za kwanza anapita kuzoa marudio, ule mchanga unaobaki mtu akishaosha dhahabu yake. Anaununua kwa bei ya huruma, anaupeleka kwenye matangi ya dawa anakokujua yeye. Siku ile alikuwa anapita kukagua malundo tu; alimkuta Euphrasia bado anacheka peke yake, akaketi juu ya ndoo.

"Mama Asteria, dunia hii ni jina," alisema. "Nyamilonga? Hicho ni chuo au ni kisima cha kijiji? Mpeleke mtoto kwenye jina. Kama ni mambo ya ada, lile karasha mimi nalichukua hata kesho."

Euphrasia akaligeukia karasha lake. Ndilo lililowalisha, lililomsomesha Asteria mpaka kidato cha sita.

"Nitalifikiria," akasema.

Asteria alikuwa nyuma ya turubai anaanika nguo. Alisikia yote.

Asubuhi yake, mbele ya chai na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, binti alitoa lake. Alikuwa amelala vibaya, inaonekana.

"Naenda Nyamilonga, mama. Karasha haliuzwi."

"Nani kakuuliza habari za karasha?"

"Nimemsikia Mwigulu."

Euphrasia alikasirika, na akikasirika Kiswahili kinampotea, Kisukuma kinaingia chote. Alipotulia kidogo akasema, "Sikiliza. Mimi sijakuomba unihurumie. Ukienda chuo cha bure kwa sababu ya kumwonea mama yako huruma, hiyo elimu itanikaba kooni mpaka nakufa. Halafu nikuulize wewe uliyesoma. Hapa machimboni, mtu akikupa mfuko bure, maana yake nini?"

"Hauna kitu," Asteria alijibu polepole.

"Ehee! Hauna kitu! Mwenye mfuko wenye dhahabu hatoi bure. Hao wa Nyamilonga wanakupa bure mpaka chakula. Kwa nini? Wana nini ndani?"

Asteria akavunja mchembe mmoja, akautia kwenye chai. Kisha akauliza swali ambalo Euphrasia hatalisahau.

"Mama, unaikumbuka Dubai?"

Weee! Duara la Dubai! Miaka minane ilikuwa imepita na jina hilo lilikuwa bado halijatajwa ndani ya nyumba ile. Lilikuwa duara lililotoa dhahabu mpaka watu wakapagawa. Kila mtu alitaka mfuko wa Dubai hata kama hana pa kuuweka. Wauzaji walikuwa na kiburi hicho, eti Dubai haipimwi, unanunua au unampisha mwingine. Na Euphrasia, mwanamke wa kupima, siku hiyo peke yake alinunua mifuko kumi na mbili kwa jina tu. Asteria alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alibeba maji ndoo baada ya ndoo tangu asubuhi, wakasaga, wakaosha, na jioni karai lilikuwa jeupe. Mifuko kumi na mbili haikutoa hata ya kununulia chumvi. Mwaka ule walikula michembe mitupu na Asteria alirudi shule kwa viatu vya kuazima.

"Kilimahewa haipimwi," alisema Asteria, kwa sauti ya wale wauzaji. "Unanunua au unampisha mwingine."

Lo! Euphrasia alitaka kumzaba. Mkono ukanyanyuka, ukaishia hewani, ukarudi kwenye kikombe. Halafu kicheko kikaanza kumtoka, akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Mtoto mshenzi wewe," akasema, anajifuta machozi. "Umenipata. Haya, tunapima. Vyote viwili. Na cha bure ndiyo kitapimwa zaidi."

Walianza na Kilimahewa. Dada yake Euphrasia alikuwa na kijana, Luka, mwaka wa tatu huko huko na kwenye fani hiyo hiyo. Wakampigia, simu ikawekwa sauti ya juu.

"Shikamoo mama mdogo!"

"Marahaba. Luka, nataka uniambie habari za chuo chenu, lakini usinipe jiwe la juu. Nipe la chini kabisa ya mfuko."

Luka alicheka, maana na yeye ni mtoto wa machimbo. Akaeleza bila kuficha. Walimu ni wazuri, wengine ni mabingwa kweli. Maktaba kubwa. Na jina lina nguvu, asiseme uongo. Akilitaja mahali popote watu wanampisha njia.

"Na ukishapishwa," Euphrasia akauliza, "unafanya nini? Jiwe unajua kulipima?"

Luka akashusha sauti.

"Ndiyo hapo, mama mdogo. Darasa letu tuko mia tatu na arobaini. Tanuru la kuyeyushia sampuli ni moja. Nimelifikia mara moja, na hata hiyo mara tulikuwa kundi la watu thelathini, nilikuwa nyuma. Nimeliona zaidi kwenye picha."

Asteria alikuwa ameinamisha kichwa. Rafiki zake wote wanne waliofaulu walikuwa wanakwenda Kilimahewa, na walishaanza kupanga nani atalala na nani. Luka akamwambia, "Ukija tutasoma vizuri, dada. Ila usije kwa sababu ya picha za majoho." Wakaagana.

Alhamisi walipanda basi la alfajiri. Euphrasia alivaa kitenge chake cha harusi za watu na kubeba mkoba ambao ulikuwa mzito ajabu. Asteria alipoufungua akitafuta maji, akakuta mawe.

"Mama! Haya ya nini?"

"Wewe tulia."

Walivuka daraja, Euphrasia ameganda dirishani anashangilia ziwa kama hajawahi kuliona, anawaambia abiria asiowajua kwamba wanakwenda kupima chuo. Abiria wakadhani ni mzaha, wakacheka naye. Haukuwa mzaha. Yale mawe aliyabakiza kutoka kwenye mfuko ambao alikuwa ameuosha mwenyewe wiki iliyopita, na alijua umetoa nini: pointi nne za dhahabu, yaani hata nusu gramu haifiki. Wasomi wa Nyamilonga hawakujua. Wakikosea, wamekwisha.

Nyamilonga kulikuwa na majengo machache, miti iliyopandwa juzi, na ubao wa jina uliopauka upande mmoja kwa jua. Euphrasia aliutazama ubao, akamtazama mwanawe, akaguna. Kisha wakaelekezwa maabara, na msichana mmoja aliyevaa koti jeupe lililotobolewa tobolewa na dawa akatoka kuwapokea.

"Shikamoo mama. Karibuni. Naitwa Scolastika, mwaka wa tatu."

Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kishapu, na aliposikia lafudhi ya Euphrasia akaingiza Kisukuma hapo hapo, mayu huku, mayu kule, yaani mama. Euphrasia hakulegea. Akamimina mawe yake mezani.

"Mwanangu, mimi sitaki kutembezwa. Nataka mnipimie haya. La juu, la katikati, na la chini, yote yamo."

Mwalimu wao, mzee mfupi mwenye miwani, alikuwa kwenye kona. Euphrasia alimgeukia akitegemea atakuja yeye. Mzee akamwashiria Scolastika kwa kichwa tu, akaendelea na karatasi zake. Na Scolastika akaita wenzake wawili, wakaanza.

Ama! Kama mngekuwapo! Waliyasaga mawe mpaka yakawa laini kama unga wa sembe. Wakapima unga kidogo kwenye mizani iliyofungiwa ndani ya kioo ili upepo wa pumzi usiiguse. Wakachanganya na dawa zao, wakatia kwenye tanuru, na Scolastika akamvalisha Asteria glovu ndefu na kinga ya uso, akamwambia, "Shika koleo. Usiogope, mimi niko nyuma yako." Ndiyo, Asteria! Hata hajathibitisha, hata hajapewa kitanda, ameshika koleo anatoa kikombe chekundu kwa moto, kwa mikono yake mwenyewe. Euphrasia alisimama mlangoni amejishika mdomo, hajui acheke au asali. Matanuru yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa na wanafunzi wanne tu. Aliwahesabu mara mbili.

Kazi ilichukua mpaka saa tisa. Mwisho Scolastika alileta kisahani, na ndani yake kapunje kadogo kuliko kichwa cha pini, kanang'aa. Kakapimwa, akapiga hesabu, wakarudia na sampuli ya pili, hesabu ikaja ile ile.

"Kwa mfuko mmoja, mama, ni kama pointi kumi na moja."

Euphrasia akapandwa.

"Kumi na moja? Mmekosea! Nilijua tu! Mfuko huo nimeuosha mimi, kwa mikono hii, nimepata nne. Nne! Miaka ishirini naosha dhahabu, mtaniambia nini ninyi? Asteria, kamata mkoba twende!"

Mzee mwenye miwani alinyanyua uso, akarudi kwenye karatasi zake. Aliyesema ni Scolastika, taratibu, kwa Kisukuma, jinsi binti anavyosema na mama yake. Hawajakosea. Nne zake ni kweli, amezipata. Zile saba nyingine ni chembe ndogo mno, karai haliwezi kuzishika. Zimebaki kwenye marudio.

"Marudio yako unayapeleka wapi, mayu?"

Euphrasia alikaa chini. Si kwenye kiti, sakafuni, na kitenge chake cha harusi. Miaka ishirini ilikuwa inampita machoni, lori kwa lori. Mwigulu na ndoo yake. Mwigulu na bei yake ya huruma, na yeye Euphrasia akimwambia ahsante, akimpa na chai. Saba kwa kila mfuko! Alifungua mdomo kulia, kikatoka kicheko, kisha vyote viwili vikatoka pamoja, na Asteria akapiga magoti kumshika.

"Mama, pole. Mama!"

"Pole ya nini?" akasema Euphrasia. "Pole ya nini wakati nimejua? Wabeja, mwanangu Scolastika, ahsante sana! Wewe, Asteria, hapa wanafundisha hicho? Kuzitoa hizo saba?"

"Mwaka wa pili wote ni hicho tu, mama," alijibu Scolastika.

Asteria alitoa simu. Alifungua ukurasa, majina mawili yakakaa juu na chini. Kidole kilisimama juu ya Kilimahewa muda kidogo, akiwafikiria rafiki zake wanne na lile joho.

"Mama, sitaki useme nimekuhurumia."

"Unihurumie mimi? Kuanzia leo wa kuhurumiwa ni Mwigulu," alisema Euphrasia, akijifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Thibitisha, mama yangu. Bonyeza kabla mtandao haujakata."

Akabonyeza. Wale wanafunzi wote wakapiga makofi, na kigelegele cha Euphrasia kikatoka nje ya madirisha ya maabara. Mzee mwenye miwani naye akacheka, akamwambia Asteria alete viatu vya kufunika vidole.

Kazi ilibaki kwa Pantaleo. Alipoambiwa kwenye simu akauliza kwa uchungu, "Sasa pale mnadani nitawaambia nini, Mama Asteria? Wameshanizoea Baba Kilimahewa."

"Waambie ng'ombe wako wote wamebaki zizini na mtoto anasoma. Uone nani atacheka."

Alitafakari. Pantaleo anajua bei ya ng'ombe kuliko kitu kingine chochote. Wiki iliyofuata akapiga tena kusema kwamba mnada mzima wanataka kujua Nyamilonga ni wapi, na yeye ndiye anayewaelekeza.

Mwezi wa kumi na moja, baada ya mvua za kwanza, Mwigulu alikuja na lori na vijana watano wenye makoleo. Akalikuta lundo la marudio limezungushiwa miiba na kufunikwa turubai, na mawe yamepangwa pembeni lisipeperuke.

"Mama Asteria! Nimekuja kuzoa."

"Karibu chai," alisema Euphrasia. "Lundo haliuzwi."

"Nakuongezea."

"Haliuzwi."

Mwigulu alicheka, akawatazama vijana wake ili nao wacheke. "Sasa utalifanyia nini? Utalipika?"

"Litapikwa, ndiyo. Mwenyewe yuko Nyamilonga, mwaka wa kwanza. Kaniambia lisiguswe mpaka arudi."

Kicheko cha Mwigulu kikapungua kidogo kidogo. Alilitazama lundo, akamtazama Euphrasia machoni, na Euphrasia hakuyakwepesha. Mwigulu akajua kwamba mwenzake anajua. Wala chai hakuinywa. Aliwaita vijana wake, wakapanda, na lori likaondoka tupu.

Euphrasia akachuchumaa kwenye maji yake, akamalizia karai aliloliacha. Alichukua ka-njano kake, akakafunga kwenye karatasi. Mchanga uliobaki akaubeba kwenye beseni, akafunua turubai, akaumwaga juu ya lundo la mwanawe, akafunika tena.